Namba ya Rangi ya Gari: Ilipo, Inavyosomwa na Cha Kufanya Ukiikosa

Bampa limechubuka, umefika duka la rangi za magari, muuzaji anakuuliza namba, unamjibu "silva". Hapo ndipo hasara inapoanzia. Toyota peke yao wana silva nyingi, na kwa mtu aliyesimama juani Majengo, Dodoma, saa saba mchana zote zinafanana. Ukinunua ya kubahatisha, bampa litang'aa peke yake, na mlango wa pembeni utaonekana umetoka gari lingine.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari anayetaka kufunika mchubuko mwenyewe, au anayempelekea fundi rangi na hataki kulipia kazi ile ile mara mbili. Kama gari halijawahi kuguswa, namba utaipata kwa dakika kumi. Kama liligongwa likanyooshwa, au lilipakwa upya kabla hujalinunua, tenga asubuhi nzima.

Elewa jambo moja kabla ya kufungua boneti: namba inakuambia rangi iliyotoka kiwandani. Haikuambii rangi iliyopo leo, baada ya miaka ya jua na vumbi la Dodoma. Kwa hiyo kazi ina sehemu mbili, kupata namba na kuijaribu kabla ya kupulizia. Wengi huishia kwenye ya kwanza, kisha lawama zote anabebeshwa muuza rangi.

Uwe na vitu hivi

- Simu yenye kamera na tochi.
- Kitambaa laini, maji ya sabuni ya kuoshea vyombo, na mswaki wa zamani.
- Kipande cha chaki nyeupe.
- Kadi ya gari, na karatasi ya mnada wa Japani kama uliagiza mwenyewe. Mara nyingi karatasi ile ina kisanduku cha namba ya rangi, na watu huitupa bila kukitazama.
- Kalamu na karatasi.

Thina na petroli ziache mbali. Zinafuta maandishi ya stika mara moja, na yakishafutika hayarudi.

Hatua kwa hatua

1. Jua gari lako lilitengenezewa soko gani. Angalia namba ya chesisi kwenye kadi. Ikiwa fupi na ina kistari katikati, kwa mfano inaanza NCP60 kisha kistari kisha tarakimu saba, gari hilo lilitengenezewa Wajapani wenyewe. Karibu IST, Vitz, Raum, Spacio na Premio zote unazoziona mjini ni za namna hiyo. Ikiwa na herufi na tarakimu 17 bila kistari, ni gari la kusafirishwa nje tangu kiwandani, kama pikapu nyingi zilizonunuliwa mpya na Land Cruiser za miradi. Tofauti hii itakufaa kama itabidi uitafute namba kwenye katalogi.

Usipoteze muda kusoma rangi ndani ya namba ya chesisi yenyewe. Haimo. Inaweza kutumika kuitafutia rangi kwenye katalogi, lakini hilo tutalifikia chini.

2. Tafuta kibati au stika. Injini iwe imepoa, kwa sababu kwenye magari mengi utainama karibu kabisa na mabomba ya moto. Na kwa miezi ile ya upepo mkavu, kuanzia Juni hadi Oktoba, usielekeze pua ya gari kwenye upepo ukiwa umefungua boneti. Dhoruba moja ya Ihumwa inatosha kulibeba hadi kwenye kioo, na hapo utakuwa unatafuta rangi ya boneti pia.

Fuata mpangilio huu:

- Magari ya Japani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000: kibati cha chuma chini ya boneti, kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria. Simama mbele ya gari, tazama moja kwa moja nyuma ya injini, chini kidogo ya wipa. Hii ni kwa Toyota, Nissan na Mitsubishi nyingi. Kwenye Subaru tazama pia juu ya shokapu za mbele.
- Magari mapya zaidi: stika kwenye nguzo ya mlango, pale mlango unapofungia. Anza upande wa dereva, kisha wa abiria. Honda, Mazda na Ford Ranger anzia hapa.
- Kirikuu, Hiace na gari lolote ambalo injini iko chini ya viti: usihangaike na mbele. Tazama nguzo za milango ya mbele, kisha chini ya kiti.
- Volkswagen na Audi: stika ya karatasi ndani ya buti, kwenye shimo la tairi la akiba, na nyingine kwenye kitabu cha huduma kama bado kipo.
- Mercedes-Benz na BMW: nguzo ya mlango, au chini ya boneti mbele juu ya rejeta, au juu ya shokapu.

3. Safisha kabla ya kusoma. Vumbi jekundu la njia ya Kondoa likichanganyika na oili hufanya ukoko unaofanana na rangi yenyewe ya kibati. Loanisha kwa maji ya sabuni, subiri dakika mbili, sugua taratibu kwa mswaki, kausha. Kama herufi zimegongwa kwenye chuma lakini hazionekani, paka chaki juu ya kibati chote kisha pitisha kitambaa kikavu mara moja. Chaki inabaki kwenye mashimo ya herufi na namba inajitokeza nyeupe.

4. Piga picha, kisha andika. Piga mbili: moja ya kibati kizima, moja ya karibu ya mstari wa rangi. Usiwashe flashi moja kwa moja juu ya chuma, itarudisha mwanga na kufuta herufi. Shika tochi pembeni. Picha ya kibati kizima ina faida yake: muuza rangi mzoefu ataona mfano wa gari na namba ya chesisi hapo hapo, na atagundua kama umesoma mstari usio wenyewe.

5. Soma mstari sahihi. Hapa ndipo wanaoanza wanapoteleza zaidi. Kwenye Toyota tafuta maneno COLOR na TRIM, au kifupi chake C/TR. Utakuta kitu kama hiki:

C/TR 1C0/FB10

Rangi ya nje ni ile iliyo kabla ya mkwaju (/): 1C0. Hiyo FB10 ni ya viti na vitambaa vya ndani, haikuhusu. Mstari unaoanza A/TM ni wa ekseli na gia. Kama vichwa vya kibati vimeandikwa Kijapani, tafuta herufi tatu zilizotengwa na mkwaju kutoka kundi la pili lenye herufi nne hivi.

Namba zinavyokaa kwa kila kampuni:

- Toyota: herufi au tarakimu tatu, kama 040, 1F7, 202.
- Nissan: tatu, kama QM1 nyeupe, KH3 nyeusi, K23 silva.
- Honda: herufi, kistari, tarakimu, na mara nyingi herufi ya mwisho, kama NH-731P. P ya mwisho ni lulu, M ni metaliki (hatua ya 8 inazieleza). Usiiache, ni sehemu ya namba.
- Mazda: tatu, kama 25D nyeupe ya lulu, 38P silva.
- Subaru: tatu, kama 37J nyeupe ya lulu, 32J nyeusi.
- Suzuki: tatu, kama 26U nyeupe, ZJ3 nyeusi.
- Mitsubishi: tatu, tafuta mstari wenye EXT.
- Volkswagen: nne zinazoanza na L, kama LB9A nyeupe, LA7W silva.
- Mercedes-Benz: tarakimu tatu.
- BMW: tatu, na kwenye magari mapya ya kwanza mara nyingi ni herufi.

Mwambie muuzaji namba pamoja na jina la kampuni, kila mara. 040 ya Toyota ni nyeupe. 040 ya Mercedes ni nyeusi tii. Ukituma ujumbe wa "nitumie 040 nusu lita" na kukaa kimya, usishangae kitakachofika.

6. Hakiki herufi zinazofanana. Sifuri na O, moja na I, nane na B, tano na S, sita na G. Kwenye 1C0 na kwenye KY0 ya Nissan, ya mwisho ni sifuri. Toyota wana msaada mmoja mzuri, tarakimu ya kwanza inataja familia ya rangi: 0 nyeupe, 1 silva na kijivu, 2 nyeusi, 3 nyekundu, 4 kahawia na rangi ya mchanga, 5 njano na dhahabu, 6 kijani, 8 buluu, 9 zambarau. Gari lako ni damu ya mzee na namba uliyosoma inaanza na 6? Ama umesoma vibaya, ama gari limebadilishwa rangi.

7. Thibitisha kuwa gari bado lina rangi yake. Magari ya mitumba yamepitia mikono mingi, hatua hii usiiruke. Fungua kifuniko cha tenki ya mafuta utazame ndani. Inua zulia la buti. Vuta kidogo mpira wa mlango na uone rangi iliyofichwa chini yake. Rangi hizo zote zikifanana na ya nje, namba ni ya kuaminika. Ukiona mstari mkali wa rangi mbili kwenye nguzo ya mlango, ukungu wa rangi juu ya mipira, au skrubu za fenda zenye rangi iliyopasuka, sehemu hiyo imepigwa upya. Namba ya kiwandani itakupa rangi ya gari, si ya kiraka kile.

Tahadhari kwa stika zilizobandikwa kwenye mlango wenyewe na si kwenye nguzo: mlango ukiwa ni wa mtumba uliotolewa gari jingine, umekuja na stika ya huko.

8. Tambua aina ya rangi. Sogeza tochi karibu na boneti safi. Usipoona chembe yoyote, ni rangi ya kawaida. Ukiona punje za kumeta kama bati lililosagwa, ni metaliki. Ukiona kumeta kwa ndani kunakobadilika ukihama, hasa kwenye nyeupe, ni lulu. Hili linabadilisha ununuzi wote. Toyota 040 na 058 ni nyeupe za kawaida, rangi moja na klia (tabaka la juu la kung'arisha, lisilo na rangi). Toyota 062 na 070 ni za lulu: kuna nyeupe ya chini, kisha tabaka la lulu, kisha klia, yaani makopo mawili ya rangi na si moja. Nyekundu za Mazda 41V na 46V nazo zina tabaka zaidi ya moja. Kwa mwanzo si za kujifunzia, mpe fundi aliyewahi kuzipiga.

9. Nenda dukani na ushahidi kamili. Peleka namba, kampuni, mfano, mwaka, aina ya rangi, na gari lenyewe. Kama gari haliwezi kwenda, mwombe fundi ang'oe kifuniko cha nje cha tenki uende nacho. Kwenye magari mengi ni kazi ndogo. Kisugue kwa polishi kwanza, kwa sababu rangi iliyopauka itamdanganya mchanganyaji. Muulize swali moja: namba hii ina vivuli vingapi? Rangi moja ya kiwandani hutoka viwanda na miaka tofauti, hivyo watengenezaji wa rangi za kurudishia huweka vivuli vya ziada chini ya namba ile ile: cheupe zaidi, cheusi zaidi, chenye chembe nene. Omba kadi za mfano uziweke juu ya gari nje, kivulini.

Kuhusu kiasi: kwa bampa moja, robo lita kabla ya thina inatosha kwa silva na rangi nzito. Nyekundu, njano na nyeupe hazifuniki haraka, chukua nusu lita. Bampa la plastiki linahitaji praima (rangi ya chini ya kushikisha) yake ya plastiki. Bila hiyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu hata namba ikiwa sahihi. Ile plastiki nyeusi ya Probox na ya chini ya bampa nyingi haimo kwenye namba hiyo kabisa.

10. Jaribu kwenye kadi. Chukua kipande cha bati au karatasi ngumu iliyopakwa praima, chora mstari mnene wa kalamu nyeusi katikati, kisha pulizia. Ongeza mikono, yaani tabaka za kupulizia, ukiacha kila mmoja ukauke, hadi mstari usionekane tena. Andika nyuma ya kadi ni mikono mingapi. Piga klia, acha ikauke, ndipo ulinganishe. Rangi mbichi usiiamini, na metaliki isiyo na klia usiihukumu kabisa.

Kwa lulu tengeneza kadi tatu zenye nyeupe ile ile ya chini, kisha mikono miwili, mitatu na minne ya lulu. Moja kati ya hizo itakaa sawa na gari. Ukilazimisha bila kadi hizi, unacheza bahati nasibu.

Linganisha na sehemu inayopakana na unayopiga. Paa na boneti hupauka mapema kuliko milango, kwa hiyo bampa la nyuma lilinganishwe na ubavu wa nyuma, si na paa. Tazama ukiwa umesimama mbele, kisha ukiwa pembeni.

Makosa yanayojirudia

Kutegemea kadi ya gari. Inasema "nyeupe" au "buluu", na hapo imemaliza. Cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani nacho hakina namba ya rangi.

Kununua thina yoyote. Mchana wa Dodoma thina ya haraka hukauka hewani, rangi inatua ikiwa nusu kavu, na silva inatoka nyeupe zaidi na yenye mchanga. Ukimwaga rangi nyingi kwa mkono mmoja, chembe huzama na silva inatoka nyeusi zaidi. Kwa hiyo kopo moja, namba moja, linaweza kutoa rangi mbili kwa mikono miwili tofauti. Tumia thina ya taratibu na piga saa moja hadi saa tatu asubuhi, kabla jua na upepo havijaamka. Vaa barakoa ya mafundi yenye vichujio; klia ya hadina (dawa ya kuigandisha) ina kemikali inayoshambulia mapafu, na kitambaa cha usoni hakiizuii.

Kupiga mlango mmoja na kukatia pale pale kwenye ufa. Kwa metaliki na lulu, fundi apoteze rangi polepole kuingia mlango wa jirani, kisha klia ipigwe yote miwili. Tofauti ndogo ambayo haikwepeki itamezwa hapo.

Ukikwama

*Stika imefutika au kibati kimeng'olewa.* Tafuta muuza vipuri mwenye katalogi ya kompyuta ya kampuni ya gari lako. Kwa Toyota za Japani, namba kamili ya chesisi ikiingizwa huleta namba ya rangi na ya vitambaa vya ndani. Mpe namba yote, si ile sehemu ya mbele ya kistari tu. Sehemu ya mbele inataja mfano, rangi inajulikana kwa gari moja moja.

*Kibati kimepulizwa rangi juu.* Kama herufi zimenyanyuka, msasa namba 1000 wenye maji, mara chache na bila kukandamiza, utafichua vichwa vya herufi. Kama zimechapwa tu, usiguse. Rudi kwenye chesisi.

*Kompyuta ya dukani haiijui namba.* Angalia kwanza sifuri na O. Kisha hakikisha umetaja kampuni sahihi: magari mengine huuzwa na kampuni moja lakini hutengenezwa na nyingine, na mara nyingi namba hufuata aliyetengeneza. Kama gari ni la rangi mbili, namba uliyosoma inaweza kuwa ya muunganiko wa zote mbili. Muuzaji inabidi aivunje apate ya juu na ya chini.

*Namba ni sahihi, kadi haifanani.* Polishi sehemu unayolinganisha, tazama tena. Bado? Jaribu kivuli kingine cha namba hiyo. Baada ya hapo ndipo mchanganyaji aanze kurekebisha kwa matone, akijaribu kadi kila mara. Asirekebishe kopo zima. Atoe kidogo pembeni.

*Gari zima lilibadilishwa rangi.* Namba ya kiwandani haikusaidii tena. Tafuta duka lenye kifaa cha kupima rangi, uwapelekee sehemu iliyosafishwa na kupolishiwa, au umtafute aliyelipiga akupe namba aliyotumia. Angalia na kadi ya gari: rangi mpya kama haikuandikishwa TRA, malizana na hilo kabla trafiki wa Nanenane hajakuuliza.

*Rangi inaagizwa Dar.* Tuma picha ya kibati, si namba ya kuandika kwa kidole. Waambie waandike kwenye kopo namba, kampuni, kivuli na tarehe ya kuchanganya. Ikifika, itikise na kuikoroga hadi chini kwa dakika kadhaa kabla ya kufanya kadi yoyote: chembe za metaliki zimetulia chini safari nzima, na ukimimina ya juu tu utapata silva ambayo haipo kwenye gari lolote.